Gari Lililopakwa Mafuta kwenye Paji la Uso

Baba yangu hasomi habari za magari, husomewa. Kila Jumapili tukitoka kanisani, tukishakula na kila mtu akapata mahali pa kuegemea, huniamuru nitoe simu nimsomee yaliyojiri huko viwandani duniani. Mwenyewe hakuwa akiishika simu, kwa maelezo kwamba herufi zake zilitengenezewa watoto. Kwa hiyo mimi husoma na yeye hukosoa. Aliendesha lori la mafuta karibu miaka arobaini, kutoka depo za Changamwe hadi mpakani na kurudi, na mpaka leo hajakutana na habari ya gari isiyohitaji kurekebishwa naye.

Siku nilipomsomea kwamba kuna miji ambako magari hubeba abiria bila dereva, aliweka kikombe chini.

"Gurudumu likipasuka, nani anashuka?"

Nikamwambia kampuni hutuma mtu.

"Basi huyo mtu si angepanda tangu mwanzo?"

Nilipomsomea orodha ya magari yanayodumu bila kuharibika, aliuliza kama hao walioyajaribu walipita barabara ya Maungu na mzigo, juani, au walizunguka kiwanjani wakiwa na soda. Lakini habari zilizomchoma hasa zilikuwa za magari ya umeme. "Gari lisilo na sauti ni gari la mwizi," alisema, na alisema kwa uchungu ambao sikuuelewa. Pikipiki za umeme zilikuwa zimeanza kuonekana mtaani kwetu, na kila moja ilipopita aligeuza shingo huku na huku akinuna. Mimi nilidhani ni uzee tu.

Niseme na mimi ni nani katika mambo haya. Mimi ni binti yake wa kwanza, na nafanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Magari yanayopita mikononi mwangu ni mengi, ila yote ni ya karatasi. Najua namba ya injini, najua mwaka, najua rangi jinsi ilivyoandikwa na Wajapani. Nikiulizwa boneti inafunguliwa wapi, huwa nasingizia nimepigiwa simu.

Basi baba alipostaafu alibaki na pikapu yake kuukuu, na pikapu hiyo ikaanza kugonga vitu. Iligonga nguzo ya geti. Tukaitengeneza nguzo, ikaigonga tena, na baba akasema mafundi wameisogeza. Ikagonga tangi la maji la jirani, ambalo kwa maelezo yake lilikuwa limewekwa vibaya tangu lilipojengwa. Sisi watoto tulijua kinachotakiwa kusemwa. Kilitakiwa kusemwa kwa sentensi moja fupi: baba, acha kuendesha. Tukakutana, tukanywa chai, tukatazamana, na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wakanitazama mimi. Wallahi, kama wasemavyo majirani zangu, ningeona rahisi kumwambia mchungaji kwamba hajui kuimba.

Nikatafuta njia ya woga. Nilikuwa nimesoma, tena nimemsomea yeye mwenyewe, kuhusu magari yenye akili ya kujizuia. Gari likiona kitu mbele, linapiga kelele, na dereva asipofanya kitu linakanyaga breki lenyewe. Pikapu ilipokufa rasmi tukachanga, na mimi nikamchagulia gari dogo kutoka Japani lenye akili hiyo. Nilijiambia kwamba kile nisichothubutu kumwambia baba, gari litamwambia. Na kama hataki kusikia, basi angalau hatamuua mtu, wala hatajiua, wala hatamuua mama.

Gari lilifika na lilikuwa zuri. Tatizo lake la kwanza ni kwamba lilikuwa linasema. Kila lilipowashwa, sauti ya mwanamke, laini sana, ilitamka maneno kadhaa ya Kijapani, na hakuna fundi Changamwe nzima aliyeweza kumnyamazisha. Baba akamzoea mara moja. "Ahsante, mama," alimjibu, na siku nyingine nilimsikia akimweleza, "Leo tunaenda kanisani kwanza, halafu sokoni." Mama hakupendezwa. Alitaka kujua huyo mwanamke anamwambia nini mume wake kila asubuhi, na kwa nini anamwambia polepole hivyo.

Tatizo la pili lilikuwa breki. Ili lieleweke, lazima nieleze kazi ya lori. Katika lori la baba walikuwa wawili: dereva, na taniboi wake aliyeketi kushoto. Taniboi ndiye anayeshuka kuweka jiwe chini ya gurudumu, ndiye anayetazama upande wake na kupaza sauti, "Lete! Lete! Kata! Simama hapo!" Taniboi anaona, dereva anaamua. Mpaka baina yao baba aliuheshimu kama watu wengine wanavyoheshimu madhabahu. Sasa wiki ya kwanza tu alinipigia simu ofisini akihema.

"Mwanangu, hili gari limeshika breki."

"Shikamoo, baba. Kulikuwa na nini mbele?"

"Marahaba. Kulikuwa na mbuzi, lakini si neno la mbuzi! Mbuzi nilikuwa ninamshughulikia. Limeshika breki kabla yangu. Taniboi gani anashika breki?"

Siku iliyofuata ilikuwa mkokoteni wa maji. Baadaye ikawa akina mama watatu waliokuwa wakivuka na mabeseni. Halafu ukuta wa kanisa, ambao alidai alikuwa anausogelea kwa makusudi. Kila aliponung'unika mimi upande wa pili wa simu nilikuwa nikitabasamu, nikihesabu mbuzi mmoja mzima, mwenye mkokoteni mzima, akina mama watatu wazima. Sikuwa nimelala vizuri hivyo kwa mwaka mzima.

Mama ndiye aliyetaka gari liombewe. Kwetu gari jipya haliachwi hivi hivi, na hili, mbali na ugeni wake, lilikuwa na mwanamke ndani. Jumamosi moja asubuhi mchungaji akaja na chupa ya mafuta ya zeituni, akafuatana na kwaya ya akina mama, wakalizunguka gari wakiimba. Mchungaji alipaka mafuta magurudumu manne, akapaka usukani, akaomba dhidi ya ajali, wezi na askari wa barabarani wenye tamaa. Kisha akasimama mbele ya gari akiwa ameinua kidole chenye mafuta.

"Paji la uso la gari ni wapi?"

Likazuka jambo. Wengine walisema boneti. Mama mmoja wa sauti ya pili alisema ni namba ya gari, kwa kuwa ndipo gari linapotambuliwa. Ikabidi aulizwe baba, aliye mtaalamu, naye akatoa uamuzi kwamba uso wa gari ni kioo cha mbele, kwa hiyo paji lake ni pale juu katikati, usawa wa kioo kidogo cha ndani. Watu wakaitikia kwamba ni kweli. Mchungaji akachora msalaba wa mafuta pale, akapangusa, akabandika juu yake stika ya kanisa, mviringo, ukubwa wa kisahani cha kikombe, yenye njiwa.

Chupa ya mafuta nilikuwa nimeishika mimi. Na stika ilipobandikwa ikaonyesha mapovu ya hewa, mimi ndiye niliyepitisha kidole gumba juu yake mpaka ikalala vizuri. Nyuma ya kioo, mahali palepale, palikuwa na kidude cheusi cha plastiki chenye kitundu kinachotazama mbele. Nilikiona. Nikahakikisha stika imekifunika chote, isije ikaonekana imebandikwa upande.

Tangu siku ile gari halikushika breki tena.

Baba alifurahi furaha isiyo na kifani. Akasimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba chombo kilichokuwa na kiburi kimenyenyekezwa, sasa kinajua nani ni dereva. Kulikuwa na taa ya rangi ya chungwa iliyowaka kwenye dashibodi tangu siku ya maombi na haikuzimika tena; hiyo nayo aliieleza kwamba ni ya upako. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga makofi pia, kwa sababu zangu. Niliwaandikia ndugu zangu kwamba mzee ametulia, anaendesha vizuri, na gari halina hata la kuzuia. Wakanisifu kwa akili niliyotumia, na mimi, Mungu anisamehe, nilikubali sifa zote.

Kitu kimoja tu kilibadilika. Mama, ambaye maisha yake yote alipanda nyuma, alihamia mbele. Tena alikuwa akisali njia nzima, kwa sauti ya chini, kwa Kirabai, lugha ya kwao, macho wazi. Baba alisema upako umemgusa.

Ikapita miezi mitatu hivi kabla sijapanda nao. Ilikuwa ni kwenda shambani kwetu Rabai kuvuna mahindi, na mimi nakaa Miritini, kwa hiyo walinichukua njiani. Nikaketi nyuma na magunia matupu. Mwanamke wa Kijapani akasema yake, baba akamjibu, tukaondoka.

Mama akaanza kusali. Kirabai changu ni cha aliyezaliwa Changamwe, kinatosha kusalimia na kuomba maji, kwa hiyo nilijiegemeza nikayaacha maombi yanipite. Lori lilikuwa limesimama mbele yetu; mama akatamka kitu, baba akapunguza mwendo. Nikasikia neno "tuktuk". Nikajiuliza ni zaburi ya ngapi hiyo yenye tuktuk. Kidogo nikasikia "bodaboda", na papo hapo bodaboda ikatupita kushoto. Nikakaa wima. Nikasikia "tuta", na tuta likaja, na baba akalipanda taratibu kama mtu aliyeliona.

Nilikuwa bado natafuta la kufikiri wakati lori lilipotupita na wingu la vumbi likaingia dirishani. Mama akapiga chafya. Akapiga ya pili. Mama yangu akianza chafya hazipungui saba, familia nzima inajua. Na mbele yetu, katikati ya njia, mchana kweupe, palikuwa na mkokoteni umejaa matikiti, mwenyewe akiusukuma bila haraka.

Nilingoja gari lishike breki. Ndiyo kazi niliyolinunulia. Chafya ya tatu. Gari likaenda. Chafya ya nne. Baba alikuwa ametulia kabisa, mikono miwili kwenye usukani, uso wa mtu aliye na barabara tupu. Nikapiga yowe ambalo sikujua ninalo, na baba akakanyaga breki kwa nguvu zote. Tukaugusa mkokoteni kidogo tu, lakini matikiti hayahitaji kuguswa sana. Yakashuka moja moja, yakabingirika kuelekea mtaroni, na mwenyewe akageuka akatutazama akiwa mzima, hana hata mchubuko.

Alikuja dirishani kwa baba. Hakutukana, na ingekuwa afadhali angetukana.

"Mzee wangu, shikamoo. Hukuniona?"

Baba akafungua mdomo. Nilimsubiri aseme mkokoteni ulisogezwa. Akaufunga mdomo.

Tuliokota matikiti, tukayanunua yaliyopasuka, na nikasema shamba lisubiri, gari liende kwa fundi, kwa kuwa ile akili yake ya kujizuia imekufa. Nilikuwa nimekasirika sana, na hasira yangu yote niliielekeza Japani. Fundi tunayemwamini yuko Jomvu Kuu, mtu wa makamo, mpole, hufanya kazi chini ya banda la mabati karibu na nyumba yake. Safari hiyo niliendesha mimi. Njia nzima hakuna aliyesali.

Fundi alimwamkia baba, akawasha gari, akaitazama ile taa ya chungwa, akatoka, akasimama mbele ya kioo. Hakugusa chombo chochote.

"Gari halina kasoro, mzee. Breki zake ni nzima, na lile la kujizuia ni zima. Lakini mato yake ni haya hapa," akasema, akigusa stika kwa ncha ya ukucha, "na mumeyaziba. Hili halioni kitu, wallahi. Tangu lini liko hivi?"

Tukamwambia tangu lilipoombewa. Fundi ni mtu wa adabu na si wa dini yetu. Akasema hakika dua ni jambo jema, akaenda kunawa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nikabaki nikihesabu. Miezi mitatu. Soko, kanisa, hospitali, Rabai na kurudi, katikati ya malori yote ya Changamwe, na gari halioni. Nikamwangalia baba, aliyekuwa akiitazama stika kwa kuisogelea sana, pua ikikaribia kugusa kioo. Ndipo nikajua kwamba na yeye haoni. Habari zote zile nilizomsomea za magari yasiyo na dereva huko ng'ambo, na kumbe moja lilikuwa likizunguka Changamwe kila siku.

"Mama," nikasema.

"Abee."

"Ulikuwa unasali nini?"

Mama akakunja leso yake vizuri kwanza. Akasema daktari wa macho alishasema, zamani, kabla hata ya gari hili. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, yanataka operesheni. Baba hakutaka kisu jichoni. Mtu aliyebeba petroli usingizi ukimjia milimani, aliyewahi kuzima moto wa tairi kwa mchanga na mikono, aliogopa kisu kidogo kuliko wembe. Kwa hiyo gari lilipoacha kujizuia walipatana: yeye angeendesha, mama angetazama.

"Haikuwa shida sana," baba akasema, akilielekea gari, si mimi. "Zenye injini nazisikia. Lori nalisikia, tuktuk naisikia, hata baiskeli mbovu naisikia. Hizi za umeme ndizo zimenimaliza. Zinakuja kimya."

Nilipandisha sauti. Nilimwambia mama kwamba angeweza kufa, kwamba wangeweza kumuua mtu wa watu, na yeye kama mtu mzima alijua na akanyamaza.

"Nilinyamaza mimi?" mama akasema. "Mimi nilisema kila siku, mwanangu, kila kona, mpaka koo likauma. Wewe ndiye uliyenyamaza. Uliliona hili jambo tangu enzi za pikapu ukaenda kununua gari liseme badala yako. Tena kwa Kijapani."

Aibu ilinishika nikiwa nimesimama katikati ya spana za watu. Nikaenda nikasimama mbele ya baba, karibu kiasi cha kuonekana, na nikatamka ile sentensi fupi niliyoikimbia mwaka mzima.

"Baba, usiendeshe tena mpaka utibiwe macho."

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena.

"Ungesema hivyo mwaka jana ningekufukuza," akasema. Akafikiri. "Kesho yake ningekuita." Halafu akauliza hiyo operesheni hufanywa na mtu au na mashine yenye akili. Nikamwambia ni mtu, daktari. Akauliza kama huyo daktari anafanya peke yake au ana mwenzake pembeni. Nikamwambia ana wauguzi wawili. Akashusha pumzi, akatoa mfukoni funguo zake za akiba, akanipa.

Hospitalini walianza na jicho la kulia. Asubuhi iliyofuata tulikuwa naye, mimi na mama, muuguzi alipombandua kitambaa cha jichoni. Baba akapepesa. Akautazama ukuta na kuusifu weupe wake. Akasoma tangazo la kunawa mikono lililokuwa ukutani, lote, kwa sauti, mpaka namba ya chumba. Akanigeukia mimi. "Wewe umenenepa," akasema, na muuguzi akajifanya kutafuta kitu mezani.

Kisha akamgeukia mama, aliyekuwa ameketi na mkoba mapajani. Alimtazama kwa muda mrefu sana, hata mama akaanza kuurekebisha mtandio.

"Mama watoto," baba akasema, "hizi mvi zote zimekuja lini?"

"Tangu uanze kunipakia."

Baba alicheka mpaka muuguzi akamwonya. Halafu kicheko kikaisha lakini yeye hakuacha kumtazama, na midomo yake ikaanza kucheza, na nikaona lile jicho jipya likijaa.

"Usilie," mama akasema upesi, akimshika kidevu. "Daktari amekataza maji jichoni."

Basi nikalia mimi, ambaye sikuwa nimekatazwa.